Mei 21 mstarini: MV Bukoba, FIFA, Earhart au Mengistu?

Mei 21 ina mambo mengi kuliko dakika ulizopewa. Mwaka 1904, siku hiyo, FIFA iliundwa jijini Paris. Mwaka 1927 rubani Charles Lindbergh alitua Paris akitokea New York, peke yake ndani ya ndege. Miaka mitano baadaye, tarehe ileile, rubani Amelia Earhart akatua Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1991 Rais Mengistu Haile Mariam aliikimbia Ethiopia, na siku hiyohiyo Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani, akauawa kwa bomu kusini mwa India. Mwaka 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama hapa kwetu, Ziwa Victoria. Mwaka 1998 Suharto aliachia madaraka Indonesia. Vijana wa kijiweni watakuongezea fainali ya Uefa ya 2008, na Umoja wa Mataifa nao umeifanya Mei 21 kuwa Siku ya Chai Duniani. Wewe mwalimu wa zamu una dakika tatu, wanafunzi wamesimama, na jua la Mwanza halina subira.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma "Siku kama ya leo" mstarini katika sekondari moja huku Ilemela. Kila Mei inapokaribia napata simu zilezile tatu: mwalimu mwenzangu wa Magu, mpwa wangu anayetangaza kipindi cha asubuhi redioni, na katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo mmoja upande wa Sengerema. Swali lao ni moja, nisome lipi. Nimechoka kuwajibu mmojammoja, na majibu yao hayafanani, kwa hiyo nayaweka hapa pamoja.

Kwanza, ni Mei 21 kweli?

Kabla ya kupima uzito wa tukio, pima tarehe. Hapa ndipo fainali ya Uefa inapoangukia. Mpira wa Manchester United na Chelsea ulianza Moscow saa 4:45 usiku wa Mei 21, huku kwetu ikiwa saa 3:45. Ukaisha 1-1, zikaongezwa dakika, zikaja penalti, John Terry akateleza, Manchester wakashinda 6-5. Kufikia hapo saa za Moscow na za Mwanza zote zilikuwa zimeshavuka saa 6 usiku. Ubingwa ule ulipatikana Mei 22. Nililisema hilo kijiweni mara moja tu, sikurudia.

Lindbergh naye alitua uwanja wa Le Bourget saa 4:22 usiku, siku ya Jumamosi. Kwa kalenda ya ofisini hiyo ni Mei 21 bila ubishi. Kwa wazee ambao siku yao huanza jua linapotua, ule ulikuwa tayari usiku wa Jumapili, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi mmoja aliyesoma madrasa atakayekushika hapo. Ana hoja. Mpe haki yake, kisha endelea.

MV Bukoba haina utata wa aina hii. Iliondoka Bukoba Mei 20, ikapita bandari ya Kemondo kuchukua abiria na mizigo zaidi, ikasafiri usiku kucha, na ikapinduka asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kabisa kuingia Mwanza. Kuna watu waliokuwa wameshafika bandarini kupokea wageni wao.

MV Bukoba: peke yake, au usiisome kabisa

Hili ndilo tukio linalojichagua lenyewe kwa shule yoyote ya kanda hii, na ndiyo sababu watu wengi hulisoma vibaya. Nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka wangu wa kwanza nililiweka namba tatu kwenye orodha, baada ya FIFA na kabla ya Suharto. Nikasoma idadi ya waliokufa kama niliyokuwa nimeinakili, namba kamili, hadi tarakimu ya mwisho. Mlinzi wetu wa getini, mzee wa Kihaya aliyehamia Mwanza zamani, alinisubiri mpaka wanafunzi wameingia madarasani.

"Mwalimu, shikamoo hujaniamkia leo, lakini tuache hilo. Ile namba umeipata wapi?"

"Marahaba sijaistahili, mzee, shikamoo. Nimeisoma mahali."

"Daraja la tatu waliandikwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa sahihi kabisa. Meli ile ilijengwa kubeba abiria wapatao 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, ambao ndio waliojaa zaidi, hawakuwa nayo. Ndiyo maana hesabu zinazotajwa huanzia 800 na ushee na nyingine hufika 1,000, na ndiyo maana mtu akikutajia namba moja yenye uhakika wote ule, mwulize kama mlinzi alivyoniuliza. Siku hizi nasema "zaidi ya watu 800", kisha naeleza kwa nini hatuna namba kamili. Maelezo hayo huwaingia wanafunzi kuliko tarakimu yenyewe, kwa sababu wote wameshawahi kupanda kitu ambacho jina lao halikuandikwa popote.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni ya meli kuelea kichwa chini. Baada ya kupinduka haikuzama papo hapo. Ilibaki tumbo juu, na ndani mlikuwa na watu hai waliokuwa wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji, ikatoka kupitia tundu hilo, na meli ikashuka. Usilisimulie hili kama kisa cha ujinga wa watu fulani. Waliokuwa pale walisikia watu wakigonga, wakatumia walichokuwa nacho mkononi.

Mwalimu wa fizikia anaweza kukusaidia hapa kuliko wa historia. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, acha kifuniko kimefungwa. Izamishe wima kwenye beseni, upande uliokatwa ukiwa chini. Maji hayapandi ndani, hewa inayazuia, na mkono wako unausikia msukumo. Sasa fungua kifuniko. Unasikia "fyuuu", na maji yanapanda hadi yalingane na ya beseni. Nusu dakika imetosha, na hakuna aliyehitaji kuambiwa cha kuwazia.

Wapo watakaouliza juu ya mtu wa al-Qaeda. Wameshakutana nalo kwenye simu zao, kwa hiyo usijifanye hujui: ni kweli, Abu Ubaidah al-Banshiri, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa juu wa kundi hilo, alikuwa abiria na alikufa humo. Jibu ukiulizwa. Usianze nalo, maana ukianza nalo umewageuza mamia ya watu wa Kagera na Mwanza kuwa pambo la hadithi ya mtu mmoja.

Ubora mwingine wa tukio hili, ambao hakuna jingine la Mei 21 linaloufikia, ni kwamba lina mahali. Waliopatikana na kuzikwa pamoja wako Igoma, barabara ya Musoma, daladala inakufikisha. Kuna makaburi na mnara. FIFA utaionyesha wapi? Lindbergh je? Darasa moja likienda Igoma Jumamosi likarudi, mstari wa Mei 21 unaweza kusomwa na mwanafunzi badala yako.

Lakini gharama yake ni hii: huwezi kulichanganya. Ukilisoma MV Bukoba, siku hiyo hakuna kingine. Katika mstari wa wanafunzi mia kadhaa wa Mwanza, wapo waliopoteza babu, shangazi, mama mkubwa. Wanafunzi wenyewe walizaliwa miaka mingi baadaye, lakini nyumbani Mei 21 ina ukimya wake. Ukiruka kutoka hapo kwenda kwenye penalti ya Terry, hiyo ni dharau hata kama hukukusudia. Kama ratiba yako inataka matukio matatu mafupi ya kuchangamsha, liache MV Bukoba, chagua mengine, na usijilaumu.

FIFA: rahisi kusoma, ngumu kusisimua

FIFA ilizaliwa kwenye chumba cha nyuma cha ofisi za chama cha michezo cha Ufaransa, mtaa wa Saint-Honoré. Ukilisimulia hivyo tu, mstari wote unasinzia: wanaume wamekaa, wametia saini, wameondoka. Uhai wa tukio hili umo kwenye nani alikuwepo na nani hakuwepo, kwa hiyo lifanye chemsha bongo. Nchi waanzilishi zilikuwa 7. Waulize wazitaje. Mkono wa kwanza utasema England, wa pili Brazil, wa tatu Ujerumani, na wote watakosa. Zilikuwa Ubelgiji, Denmark, Ufaransa, Uholanzi, Hispania, Sweden na Uswisi. Ujerumani ilituma telegramu siku hiyohiyo kusema nayo inataka kuingia. Hispania haikuwa na chama cha taifa, ikawakilishwa na klabu ya Madrid. Waingereza, wenye mpira wao, walikaa pembeni na kuingia mwaka uliofuata. Rais wa kwanza alikuwa Mfaransa, Robert Guérin.

Sisi tuliingia FIFA mwaka 1964, miaka 60 baada ya chumba kile, na hadi leo Taifa Stars haijacheza fainali za Kombe la Dunia. Hapo mstari huamka wenyewe, na ukiwa Mwanza huna haja ya kuwafikisha mbali: CCM Kirumba iko palepale, na mabishano ya klabu za Pamba na Toto African hayajaisha.

Ninachokipenda kwa FIFA ni kwamba haimwumizi mtu. Ninachokikosa ni kwamba baada ya chemsha bongo hakuna kilichobaki. Wiki ijayo hawakumbuki hata mwaka.

Earhart au Lindbergh

Hawa wawili ni kama chapati na maandazi, huhitaji vyote asubuhi moja. Lindbergh ana namba nzuri: umri wa miaka 25, saa 33 na nusu angani bila kulala, kilomita zipatazo 5,800, zawadi ya dola 25,000. Ili namba hizo ziingie vichwani, waambie ni sawa na kwenda Dar kwa barabara na kurudi, tena kwenda na kurudi, halafu kwenda tena, bila dereva kufumba jicho.

Mimi huchagua Earhart. Aliondoka Harbour Grace, Newfoundland, Mei 20, 1932, kwa makusudi ili tarehe ziangukie kumbukumbu ya miaka mitano ya safari ya Lindbergh. Alitaka kufika Paris. Hakufika. Upepo, barafu kwenye mabawa na hitilafu za ndege vilimfanya atue baada ya saa 15 hivi kwenye malisho ya ng'ombe huko Culmore, karibu na Londonderry. Inasimuliwa kwamba mfanyakazi wa shamba alimwuliza kama ametoka mbali, naye akajibu ametoka Amerika. Kwa hiyo mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege peke yake bila kutua njiani alikosa pale alipokusudia, na bado ameandikwa. Lindbergh hana sehemu hiyo. Yeye alilenga Paris, akafika Paris, watu maelfu wakamlaki. Kwa wanafunzi wanaosubiri matokeo ya mtihani, wa malisho ya ng'ombe ana cha kuzungumza nao zaidi. Kwa mabinti wanaoambiwa nyumbani kwamba fizikia ni ya wavulana, sihitaji kueleza.

Kasoro yake: Atlantiki ni mbali na hakuna cha kuwaonyesha. Ila tuna maji yetu hapa. Wapeleke kimawazo kwenye kivuko cha Kamanga usiku bila taa, halafu uwaambie wazidishe kwa saa 15.

Mengistu, Suharto, Gandhi

Haya ni ya kidato cha tano na sita, na si ya mstarini. Mengistu aliruka kwenda Zimbabwe kupitia Nairobi, na wiki moja baadaye, Mei 28, wapiganaji wa EPRDF, waasi waliokuwa wakimpinga, wakaingia Addis Ababa. Ili mwanafunzi aelewe kwa nini hilo ni jambo kubwa lazima umweleze Haile Selassie, mapinduzi ya 1974, utawala wa kijeshi wa Derg, njaa ya miaka ya 1980. Dakika tatu zimeisha bado uko Haile Selassie. Suharto ndiyo hivyohivyo: zaidi ya miaka 30 madarakani, kisha mporomoko wa sarafu, kisha wanafunzi barabarani, na hapo unajikuta unaeleza uchumi saa moja na nusu asubuhi.

Wawili hao ni wazuri kwa mdahalo wa Ijumaa, wakiwekwa pamoja: mmoja alikimbia, mwingine alijiuzulu mbele ya kamera, wote Mei 21. Gandhi namwacha. Kuuawa kwake ni habari nzito, lakini hapa kwetu itasomwa kama jina tu.

Siku ya Chai wape mama lishe wa geti la nyuma. Watafurahi, na huenda ukapewa kikombe.

Sasa, wewe ni yupi kati ya watatu wangu?

Kwa mwalimu wa Magu, na yeyote wa shule ya sekondari: soma MV Bukoba peke yake kama una mtu mmoja wa kukusaidia, awe wa fizikia au mzee aliyekuwepo, na kama mkuu wa shule amekubali matangazo mengine yasogezwe. Kama huna hivyo viwili, soma Earhart. Usichukue FIFA kwa sababu tu wavulana watashangilia. Wanashangilia mpira kila siku bila msaada wako. Shule ya msingi ningeipa Earhart moja kwa moja, na MV Bukoba ningeiacha kwa darasa la sita na la saba, ndani ya darasa, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa mpwa wangu wa redioni mambo yanageuka. Redio ndipo FIFA inaponoga kuliko kote, maana chemsha bongo ya nchi 7 inakupa simu za wasikilizaji kwa nusu saa nzima. MV Bukoba isome pia, kwa sababu redio ya Mwanza ikinyamaza Mei 21 wasikilizaji wanaona, lakini isome saa yake, mbali na simu za mpira, na uzime ule muziki wa chini mnaoupenda. Usimpigie mtu aliyenusurika akiwa hewani bila kumtaarifu kabla. Mwaka juzi nilisikia mtangazaji mmoja akifanya hivyo, mama wa watu akakaa kimya, na kimya cha redioni kila mtu anakisikia.

Katibu wa BMU yeye hana shida ya kuchagua tukio, MV Bukoba haina mshindani mwaloni. Shida yake ni tarehe. Ana Mei 21, na ana Septemba 20, siku ambayo mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio, wakafa watu zaidi ya 220 kwenye chombo cha watu kama 100. Anataka siku moja ya kuongea na wavuvi wake juu ya jaketi okozi na kupakia kupita kiasi, na hawezi kuwakusanya mara mbili.

Uzito wa matukio usikusumbue hapa. Angalia mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, kwa hiyo wanakaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Mwaka ambao Mei 21 imeangukia karibu na mwezi mpevu, ita mkutano Mei 21. Kama imeangukia gizani, mwalo mzima uko ziwani usiku na umelala mchana. Utahutubia wachuuzi na watoto. Hapo tazama Septemba 20. Zote zikiwa gizani, chagua Mei, kwa sababu baada yake upepo wa kusi unazidi na maneno yako yatakuwa bado mabichi. Ukishachagua, taja ajali ya siku hiyo tu. Watu wa Ukara wana siku yao, na wa Kemondo wana yao.

Na kwa wewe utakayeisoma MV Bukoba mstarini: jaribu kwa saa nyumbani kwanza, inachukua dakika mbili na nusu ukiisoma polepole, na nusu dakika inabaki kwa chupa na beseni. Mwombe anayesoma matangazo asifuatishe tangazo la michango ya chakula. Mimi huwaacha waondoke kwa mistari, kidato cha kwanza mbele, na michango inatangazwa saa nane mchana.